Nyota Moja kwa Hoteli ya Wanja

Nyama ya mazishi ya Wanja ilikatwa vibaya. Nilikuwa nimekaa chini ya hema huko Kanja, kwao Embu, sahani kwa magoti, nikakiangalia kile kipande na nikajua aliyekikata alikuwa na panga butu na haraka ya kwenda nyumbani. Mfupa umepasuliwa ovyo, unatafuna huku unatema. Wanja angekirudisha. Angekuja mpaka dirishani kwangu na sahani mkononi aniulize, "Mutwiri, hii ni nyama ama ni kokoto?" Nilikula yote hata hivyo, kwa sababu ilikuwa yake ya mwisho. Yule aliyesoma historia ya marehemu alitaja kanisa alikobatizwa, akataja shamba la chai na chama cha akina mama, kisha akasema, "Pia alifanya biashara Meru kwa muda mfupi," akafungua ukurasa mwingine. Basi. Mwaka mzima ukapita hapo kama gari lisilobeba mtu. Nilitaka kuinua mkono kama mtoto wa shule niseme, mwalimu, rudi hapo nyuma. Huo muda mfupi ndio nilioishi mimi. Kabla yake nilikuwa nangoja, na baada yake nimekuwa nikihesabu mbuzi.

Nilitoka shule kabla ya kumaliza msingi, kwa hivyo asiyependa maneno ya mtu wa bucha aweke kitabu chini. Lakini majina nitayataja. Kuna Gitonga, aliyekuwa akijiita mtaalamu wa biashara za mtandao. Kuna Mzee M'Ikiara, mwenye hoteli ya ghorofa pale juu yetu. Na kuna Kirimi, mwenye nyumba. Watu wa kanisa wananiambia nisamehe. Mimi nasema kwanza wajulikane, kusamehe kutafuata kama kutapata nafasi.

Chumba chetu kilikuwa kwenye mteremko wa kuelekea soko, Meru mjini, mahali ambapo maji ya mvua yalikuwa yakipita mbele ya mlango na maganda ya ndizi yote ya juu. Nusu ya mbele ilikuwa bucha yangu: dirisha la kioo, kulabu, mizani, gogo la kukatia. Nusu ya nyuma ilikuwa hoteli yake: meza za mbao, mabenchi, ukuta uliopakwa rangi ya buluu mpaka kiunoni ili mikono ya watu isiuchafue. Jikoni kulikuwa na majiko ya makaa na sufuria kubwa ya mukimo wa viazi, mahindi na mboga za majani, ambao alikuwa akiuponda amesimama, miguu ameitanua, mwiko ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayepiga makasia. Mteja alikuwa anachagua kipande kwangu, nakikata, nakipima, nakipitisha kwa kidirisha kidogo kilichokuwa ukutani, na upande wa pili mkono wa Wanja unapokea. Siku nyingine nilikuwa siuoni uso wake tangu asubuhi mpaka saa nane, naona huo mkono tu, una unga, una chumvi, una kovu la mafuta karibu na kidole gumba. Nauona mpaka leo. Nikifumba macho nikumbuke mwaka ule, kitu cha kwanza kuja si uso, ni mkono unatoka ukutani na sauti nyuma yake: "Lete mbavu, Mmeru, watu wanaota mvi hapa."

Alikuwa Muembu, na alihakikisha kila mtu anajua. Alisema Wameru tuna hasira kwa sababu tunakula haraka. Mimi nilisema Waembu wana maneno mengi kwa sababu hawana nyama. Wateja wakishapungua mchana tulikuwa tunakula pamoja kwenye meza ya pembeni, ile iliyokuwa na mguu mfupi. Nilikuwa namwekea ubavu ule wa mwisho wenye mafuta kidogo, na yeye alikuwa ananiwekea mukimo wa katikati ya sufuria, uliofunikwa na jani la mgomba ili usikauke. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake asante. Nilikuwa nimeamua kwamba tukikodi na kile chumba cha pili kilichokuwa wazi upande wa kushoto, tukitoboa ukuta, nitamwambia lile neno nililokuwa nalo. Mwanamume hawezi kumwambia mwanamke neno kama lile akiwa na nusu ya chumba. Ndivyo nilivyofikiri. Kwa hivyo mtu anaposema ilikuwa biashara tu, sijui anaongea kuhusu nini.

Gitonga alikuja wakati wa ukungu, ile miezi ambayo mlima unatuma baridi mjini na watu wanataka supu kabla ya kusalimiana. Alikuwa na viatu vyeupe na mkoba wa kuning'iniza begani. Aliagiza supu, akaimaliza, kisha akamwita Wanja.

"Mathe, chakula yako ni moto. Lakini haupo."

"Sipo wapi, na umenilipa sasa hivi?"

"Kwa ramani ya simu. Mtu akitoka Nairobi kwa semina, akiandika mukimo Meru, anapelekwa kwa watu wengine. Wewe hujulikani. Ni kama hujazaliwa."

Wanja alicheka mpaka akashika meza. Lakini neno lile la kutozaliwa lilimwingia. Siku hizo ofisi za kaunti zilikuwa zimejaa wageni, na kweli tulikuwa tunawaona wakipita na simu zao mbele kama mtu anayefuata mbwa, wanapanda mlima mpaka kwa M'Ikiara, ambaye mukimo wake ulikuwa wa jana. Tukakubaliana na Gitonga, tukamlipa. Akapiga picha. Alimwambia Wanja asimame karibu na kidirisha ashike mwiko. Wanja akakataa mpaka abadilishe leso, akarudi na ile ya maua mekundu, na alipoambiwa acheke akasema, "Nacheka nini na sijauza?" na hapo ndipo kamera ya simu ililia, ikamnasa akiwa anacheka mwenyewe. Jina tukaweka Bucha na Hoteli ya Wanja. Saa za kufungua, nambari, kila kitu. Siku chache baadaye mgeni mmoja mwenye tai aliingia akiangalia simu, akainua macho, akasema, "Ni hapa kweli!" Wanja alinipigia ukuta kutoka jikoni kwa mwiko, mara nyingi, kama ngoma.

Kisha Gitonga akaleta habari ya nyota. Alikuwa amekaa pale pale, na supu yake, siku ya soko, hoteli imejaa watu wa mashambani waliokuja kuuza. Alisema ramani inapenda mahali penye nyota, kwa hivyo tuwaombe wateja waingie kwa simu zao watupe nyota na maneno mawili matatu. Wanja hakungoja aambiwe mara mbili. Alisimama mlangoni mwa jikoni, akapiga mfuniko wa sufuria.

"Sikizeni! Kama mmeshiba, ingieni kwa simu mtupatie nyota. Mkiona tuko namba wani, bonyezeni namba wani!"

Watu wakapiga makofi. Wenye simu za kubonyeza wakaazima za watoto wao. Mzee M'Thuranira wa Kanyakine, aliyekuwa akiniletea mbuzi, alimpa mjukuu wake maneno ya kuandika kwa sauti ya kuhutubia baraza: "Andika, huyu mama anapika kama mama yangu aliyekufa. Andika, nyama ya Mutwiri haina maji. Sasa bonyeza namba wani." Na mjukuu, mtoto mwenye heshima, akabonyeza ile nyota ya kwanza. Meza nzima ikafanya hivyo. Sisi huku tulikuwa tumekua tukisomewa namba mbele ya shule nzima siku ya kufunga. Namba wani alibebwa juu mpaka nyumbani. Namba tano alitembea. Nani angempa mtu anayempenda namba tano?

Nataka msomaji ashike jambo hili moja. Gitonga alikuwa amekaa hapo. Alisikia Wanja akisema namba wani. Aliona vidole vikienda kwa nyota ya kwanza. Nilikuwa nikimwangalia kupitia kidirisha kwa sababu nilikuwa nangoja arudishe bakuli. Aliinua bakuli, akanywa, akapangusa mdomo, akanyamaza.

Tulifanya hivyo kila siku ya soko, miezi. Wanja alikuwa amezoea ule wimbo wake wa mfuniko. Na kadiri watu wetu walivyotupenda ndivyo wageni walivyopungua. Wenye tai walikoma kabisa. Tukasema ni mvua. Tukasema ni bajeti ya kaunti. Kulikuwa na semina kubwa iliyokuwa ije mjini, watu wa kulishwa chakula cha mchana wiki nzima, na Wanja alikuwa ameenda mwenyewe kwa ofisi husika na mukimo kwenye hotipoti, wakaula, wakalamba vidole. Kirimi mwenye nyumba alikuwa ametuambia kile chumba cha kushoto ni chetu tukipata hiyo kazi. Wanja alishachagua mahali pa kutoboa ukuta. Alichora alama kwa kaa, mstari wa mlango, na kila nikipita pale nilikuwa nauangalia ule mlango wa makaa kama mtu aliyeshaingia.

Kazi ikaenda kwa M'Ikiara. Aliyetuletea habari alikuwa Bi Kagendo, mama wa ofisini aliyekuwa akila kwetu siku zote. Alikaa, hakuagiza, akamwita Wanja kwa jina la binti yake, akageuza simu yake tuone.

"Mama Muthoni, mliwakosea watu nini? Mbona mnapewa moja moja hivi?"

"Si ndiyo hiyo," Wanja akasema, anatabasamu bado. "Namba wani."

Bi Kagendo akamwangalia, akaniangalia mimi. Akaeleza polepole. Moja ni mbaya kabisa. Tano ndiyo ya juu. Aliyekuwa akichagua mahali pa semina huko Nairobi aliona nyota zetu, hakusoma hata neno moja, akapita. Wanja alikaa kwenye benchi, jambo ambalo hakuwahi kufanya mteja akiwa ndani, akaanza kusoma. Anapika kama mama yangu aliyekufa: nyota moja. Chai yake inatoa baridi kwa mifupa: nyota moja. Mungu ambariki huyu Muembu: nyota moja. "Ni mimi niliwaambia," akasema. "Nilisimama hapo na mfuniko." Nikamwambia si yeye. Nimemwambia hivyo kila mara niliyoongea naye tangu siku hiyo, na ninamwambia tena hapa.

Tulijaribu kurekebisha. Siku ya soko nilimkamata Mzee M'Thuranira nikamweleza.

"Tano? Nimpe namba tano?" Alikasirika kweli, akapiga fimbo chini. "Kwani amepika vibaya?"

"Mzee, kwa simu tano ndiyo mbele."

"Basi hiyo simu ilisomea wapi? Mimi namba wani yangu siitoi. Mkitaka mnipige."

Na hata walioelewa walikuwa hawawezi. Simu ilikuwa ya mtoto, mtoto amerudi chuo. Simu imepotea. Neno la siri limesahaulika. Yule mjukuu wa mzee alijaribu siku nzima akashindwa kuingia. Yale mapenzi yote yalikuwa yamefungiwa ndani na hatukuwa na funguo.

Gitonga hakuwa akishika simu yetu tena. Sikuwa nimemshuku, hapo mtaniona mjinga, mpaka siku niliyopeleka vichwa vya mbuzi kwa M'Ikiara, kwa maana muuza nyama humuuzia hata asiyempenda. Nilikuwa nangoja nyuma, karibu na jiko lao, na kati yetu na ofisi kulikuwa na ubao tu. Nikasikia M'Ikiara anauliza, "Na wale wa chini, hutawaguza?" Na sauti niliyoijua ikajibu, "Mzee, tulia. Wewe unanilipa bure kwa hao. Wanamalizwa na watu wao wenyewe." Wakacheka. M'Ikiara alikuwa na kicheko cha kukohoa. Niliweka vichwa chini. Sikuingia kumpiga, na kuna siku bado mikono yangu inanidai.

Nilimngoja Gitonga barabarani. Nilimuuliza jambo moja tu, kwa nini hakutuambia.

"Hamkuniuliza," akasema. "Kazi yangu ilikuwa kuwaweka kwa ramani. Si niliwaweka?"

"Ulikuwa hapo. Ulikuwa unakunywa supu yetu."

"Na nililipia, boss." Akarekebisha mkoba wake begani. "Si ubaya. Ni biashara."

Alikuwa kijana mzuri wa sura. Nasikia sasa ana ofisi na watu chini yake, anafundisha wengine jinsi ya kuonekana. Mzee M'Ikiara alikufa kwenye kitanda chake, watoto wamemzunguka. Kirimi yuko hai, anaenda kanisani. Huyo wa mwisho alikuja mwenyewe mwisho wa mwaka na simu mkononi, akasema, "Nyumba yangu inaharibiwa jina," kama kwamba sisi ndio tuliokuwa tukimtukana. Chumba chetu pamoja na kile cha kushoto akampa M'Ikiara aweke stoo ya soda. Walitoboa ukuta. Waliutoboa pale pale kwenye mstari wa makaa wa Wanja, kwa sababu palikuwa pazuri pa kutoboa.

Siku ya kuondoka alipika hata hivyo. Mukimo mdogo, wa watu wawili. Mabenchi yalikuwa yameshauzwa, tukala tumesimama, sahani juu ya gogo langu la kukatia. Alisema anarudi Kanja, kuna chai ya kuchuma, na Muthoni atasoma huko kwa nyanyake. Mimi nikasema naenda Kanyakine, nimepata kibanda. Mvua ilikuwa inapita mlangoni na maganda. Nilikuwa na lile neno mdomoni, na sikuwa na hata nusu ya chumba. Alipomaliza alipitisha sahani yake kwenye kile kidirisha kwa mazoea, upande wa jikoni ambako hakukuwa na mtu wa kuipokea, nikasikia ikianguka. Akasema, "Haya, Mmeru." Nikasema, "Haya." Tulipigiana simu miaka ya kwanza, Krismasi, kukiwa na msiba. Halafu hata hizo zikapungua. Mimi leo nina bucha Kanyakine yenye kazi ya kutosha. Kwa ramani siko, na siko kwa makusudi. Anayenitaka aulize njia kwa watu.

Watu walipokuwa wakitawanyika kule Kanja, baada ya chai, Muthoni alikuja akakaa kwenye kiti kilicho karibu nami. Nilimwacha msichana wa sketi ya shule. Sasa ni mama wa watoto, na mkono wake, niliuona alipotoa simu, ni ule ule, bila kovu.

"Anko, hii umeiona?"

Ukurasa wetu bado uko. Sikujua. Umeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba pamefungwa kabisa, lakini haukufutwa. Na picha ipo. Wanja na leso ya maua mekundu, mwiko mkononi, anacheka. Nyuma yake, ndani ya kidirisha, kuna mkono wa mtu umeshika kisu, bila uso. Nilichukua muda kujua ni wangu. Kumbe na yeye, mwaka mzima, alikuwa akiona hicho tu.

"Nilitaka kuripoti hizi za nyota moja zitolewe," Muthoni akasema. "Nilimwambia Mama, zinakuharibia jina hata kama mlifunga. Akaniambia nikizigusa tutakosana."

"Alijua tano ndiyo ya juu?"

"Alijua, Anko. Alisema watu wake hawakukosea, simu ndiyo ilikosea. Siku za mvua alikuwa ananiambia nimsomee. Ile ya mzee wa mbuzi alikuwa anaijua kwa kichwa. Pale panaposema nyama ya Mutwiri haina maji, alikuwa anaisema pamoja nami."

Niliangalia chai iliyopandwa mpaka ukingoni mwa kaburi. Baadaye nikatoa simu yangu, ambayo naitumia kwa pesa na kwa kupigiwa na watu wa mbuzi, nikampa. Nikamwambia anitafutie mahali hapo na aniandikie.

"Niandike nini?"

"Andika, mukimo wa Wanja. Nilikula mwaka mmoja. Bado nasikia njaa."

Akaandika. Kisha akanirudishia simu, akanielekeza kwa kidole chake, kwa upole, kama unavyomwelekeza mtu asiyesoma. "Sasa nyota. Bonyeza hii ya mwisho huku, zote zitajaa."

Nikaweka kidole gumba kwenye ya kwanza. Ikawaka peke yake.

"Anko! Umebonyeza moja. Lete nirekebishe."

"Wacha hivyo," nikamwambia, nikaiweka simu mfukoni. "Najua namba nilizopewa mimi shuleni. Huyu ni namba wani."